Jenerali China: Askari wa Burma aliyewindwa na ndege zilizoruka Thika

KABLA hakujapambazuka katika misitu ya Mlima Kenya mwaka 1953, wapiganaji wa Mau Mau walijitahidi wawe wamekwisha kupika, kula na kuzima moto. Moshi uliopenya juu ya miti ulikuwa hatari kuliko nyayo zilizoachwa matopeni, kwa kuwa nyayo huonwa na askari aliye karibu, ilhali moshi huonwa na rubani aliye mbali.

Kiongozi wao upande huo wa mlima, Waruhiu Itote, aliyejulikana kote nchini kwa jina la Jenerali China, hakuwa mgeni wa ndege za kivita. Miaka tisa kabla ya hapo kikosi chake kilipigana katika misitu ya Burma chini ya ulinzi wa ndege za Mwingereza huyo huyo. Huko, muungurumo wa injini angani ulikuwa habari njema. Nyumbani, muungurumo huo ulimtafuta yeye.

Baadhi ya ndege za kwanza kutumwa dhidi ya wapiganaji wa misituni ziliruka kutoka Thika, mji ambao leo wengi huujua kwa mananasi, viwanda na barabara kuu inayouunganisha na Ruiru na Nairobi. Ni wachache wapitao hapo wanaokumbuka kwamba uwanja wa Thika uliwahi kuwa makao ya ndege za Jeshi la Wanahewa la Uingereza zilizobeba mabomu ya kuangushwa katika ardhi ya Kenya yenyewe.

Itote alizaliwa mwaka 1922 huko Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri, katika familia ya wakulima. Mwaka 1939, akiwa kijana asiyefika miaka 20, aliteremka Nairobi kutafuta riziki. Njia ya kutoka Nyeri kwenda jijini, kwa reli au kwa barabara, ilipita Thika na Ruiru, katikati ya mashamba makubwa ya kahawa na katani yaliyomilikiwa na walowezi. Kijana wa Kikuyu aliyesafiri njia hiyo hakuhitaji kitabu kumweleza ardhi ilikuwa mikononi mwa nani.

Nairobi alijaribu biashara ya mboga pamoja na wenzake. Haikuchukua muda kabla hajagundua kwamba sheria za mji ziliwapa Waafrika mlango mwembamba, na wengine mlango mpana. Mwezi Januari 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, maarufu kama KAR. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto, na dola ya Uingereza ilihitaji watu.

Wakati huo Wakenya walikuwa wamekwisha kuzoea kuona ndege za kivita. Mwaka 1940 na 1941, vikosi vya anga vya Afrika Kusini vilikuwa vimepiga kambi nchini ili kupambana na Waitaliano waliokuwa Somalia na Ethiopia. Baadhi ya marubani hao waliruka ndege za zamani za Hawker Fury, zenye mbawa mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wengine walipewa Hawker Hurricane, ndege ya kisasa ya siku hizo, yenye bawa moja na magurudumu yaliyokunjwa tumboni.

Hurricane haikuwa ndege ya namna moja. Toleo la kwanza lilibeba bunduki za rashasha 8 mbawani. Toleo la pili lilipata injini yenye nguvu zaidi, kisha likagawanyika kulingana na silaha. Lililoitwa IIB lilikuwa na bunduki za rashasha 12. IIC lilikuwa na mizinga midogo 4 ya milimita 20, ambayo midomo yake ilichomoza mbele ya mbawa na kuonekana kwa urahisi. IID lilibeba mizinga 2 ya milimita 40 chini ya mbawa, kwa ajili ya kuvunja vifaru. Askari aliyekuwa chini angeweza kuzitofautisha kwa kutazama tu mbele ya bawa.

Kikosi cha Itote, cha 36 cha KAR, kilipelekwa Ceylon, kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, kikiwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Huko askari walifundishwa vita vya msituni. Katikati ya mwaka 1944 divisheni hiyo iliingia Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar na ambayo wazee wa Kenya waliozoea kusimulia vita waliiita Bama.

Walipita Bonde la Kabaw wakati wa masika. Barabara ziligeuka mito ya tope, magari yakanasa, na malaria ikaangusha watu wengi. Chakula, risasi na dawa vilishushwa kwa miamvuli kutoka ndege za mizigo za Dakota. Nazo Hurricane, nyingi zikiwa za toleo la pili na zikibeba bomu moja chini ya kila bawa, ziliwashambulia Wajapani waliojichimbia mbele ya askari wa Afrika Mashariki.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni hiyo iliingia Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Koplo Itote alikuwa miongoni mwa Wakenya waliopigana katika uwanja huo wa vita. Alikuwa amejifunza mambo mawili ambayo hakuna mwalimu wa Kenya angeweza kumfundisha.

La kwanza lilikuwa la kijeshi. Wajapani hawakuwa na ndege za kutosha kuzuia zile za Waingereza, lakini walidumu msituni kwa miezi mingi. Walichimba mahandaki, walijifunika matawi, walitembea usiku na kuwaacha adui zao wapoteze mabomu juu ya miti mitupu. Jeshi lisilo na anga lilikuwa dhaifu, lakini halikuwa lazima life siku hiyo hiyo.

La pili lilikuwa la kisiasa. Katika kumbukumbu zake aliandika kuhusu askari mmoja Mwingereza aliyemuuliza sababu ya Mwafrika kuhatarisha maisha kwa ajili ya himaya iliyomtawala, badala ya kupigania uhuru wa kwao. Aliandika pia kuhusu mwanajeshi mweusi wa Marekani aliyekutana naye Kalkuta, ambaye alimwonya kuwa wazungu wangewasahau askari wa Kiafrika mara tu bunduki zitakaponyamaza. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani.

Vita vilipomalizika, serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwapa wanajeshi wa zamani wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu. Waafrika waliopigana Burma walirejea katika kipande na kodi. Itote alipata kazi katika shirika la reli, akiwa mchochea moto wa garimoshi. Mwanajeshi aliyekuwa amevuka bahari akarudi kutupa kuni na makaa katika tanuri.

Jijini alijiunga na vijana wa Anake a Forty, kundi lililokuwa na wanajeshi wengi wa zamani na lililochoshwa na siasa za maombi. Mwaka 1950 alikula kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1952 aliingia msituni, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari.

Dedan Kimathi alishika Nyandarua. China alishika Mlima Kenya, ambako wapiganaji wake walijulikana kama Hika Hika. Aliwapanga kijeshi, kwa vyeo, kanuni na daftari, kama alivyokuwa amepangwa yeye katika KAR. Kuishi kwao msituni kulidai maarifa yaleyale ambayo Burma ilikuwa imemwonyesha: kujificha, kutawanyika, kutembea gizani na kuogopa moshi.

Ndipo ndege zikaja.

Uingereza ilikuwa ikifunga vyuo vyake vya urubani huko Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Kutoka kituo cha Thornhill, mapema mwaka 1953, ndege za mafunzo aina ya Harvard zilikusanywa zikaundiwa kikosi kidogo kilichopewa nambari 1340. Kikosi hicho kilipata makao Thika kabla ya kuhamishiwa Mweiga, karibu na Nyeri, ambako kilikuwa mlangoni mwa misitu yote miwili.

Harvard iliundwa kumfundisha kijana kabla hajakabidhiwa ndege halisi ya kivita. Maelfu ya marubani wa Hurricane na Spitfire walianzia kwayo. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, chini ya paa refu la kioo, na injini ya duara puani. Toleo la kwanza lilikuwa na kiwiliwili kilichofunikwa kitambaa na ncha za mbawa zilizoviringika. Matoleo yaliyofuata yalifunikwa bati, na ncha za mbawa zikakatwa wima. Yaliyoletwa Kenya yalikuwa ya IIB, yaliyotengenezwa Kanada na kampuni ya Noorduyn wakati wa vita.

Wajuzi wa ndege wameona sadfa moja ya ajabu: injini ya Harvard, iliyotengenezwa na Pratt & Whitney, nayo ilikuwa na nambari 1340, iliyotokana na ukubwa wake kwa inchi za ujazo.

Hata hivyo, aliyekuwa msituni hakuhitaji kuona pua wala bawa. Ncha za rafadha ya Harvard huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, na hutoa mlio mkali wa kukwaruza unaosikika kutoka mbali. Mlio huo uliwatia hofu walioachwa chini, lakini pia uliwapa dakika chache za kuokoa maisha yao. Kutoka Thika hadi misitu ya kusini mwa mlima, safari ya Harvard haikufika nusu saa.

Ndege hizo za mafunzo zilifungwa bunduki moja ya rashasha na kupachikwa mabomu 8 madogo, kila moja likiwa na uzito wa takriban kilo 9. Katika uwanda wa wazi mabomu hayo yangeua wengi. Katika msitu wa mianzi na miti mirefu, mengi yalilipukia matawini au kuzama katika matope. Waliosumbuka sana walikuwa pia wanyama. Ndovu, nyati na vifaru waliojeruhiwa na kukasirishwa na milipuko waligeuka hatari kwa wapiganaji na kwa askari waliowasaka.

Serikali ilikuwa imetangaza misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku. Yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi au bomu bila kuulizwa. Ndege ndogo za polisi wa akiba zilizunguka zikitafuta moshi, vibanda na njia mpya. Zilipoona dalili, Harvard ziliitwa.

Mwezi Novemba 1953 mambo yalibadilika. Kikosi cha kwanza cha ndege kubwa za Lincoln kilitua Eastleigh, Nairobi. Lincoln ilikuwa mtoto wa Lancaster, ile ndege iliyoibomoa miji ya Ujerumani. Ilipochorwa, iliitwa toleo la nne na la tano la Lancaster, kabla ya kupewa jina lake mwenyewe kwa sababu mabadiliko yalikuwa mengi mno. Ilikuwa na mbawa ndefu zaidi, iliruka juu zaidi, na ilibeba mabomu ya kilo 227 na kilo 454.

Hapa ndipo historia ilipomfanyia Jenerali China mzaha mchungu. Lincoln iliendeshwa na injini 4 za Merlin za kampuni ya Rolls-Royce. Merlin ndiyo iliyoendesha Hurricane huko Burma. Matoleo ya injini yalitofautiana, lakini yalikuwa ya ukoo mmoja: mitungi 12 iliyopangwa kwa umbo la herufi V, na mvumo mzito usiofanana na mkwaruzo wa Harvard. Mvumo uliowatangulia askari wa KAR kuelekea Kalewa, sasa mara nne yake, ulikuja juu ya Mlima Kenya kumtafuta koplo wa zamani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mabomu ya Lincoln yaling'oa miti na kuchimba mashimo makubwa. Kwa idadi ya wapiganaji waliouawa, matokeo yake yalikuwa haba yakilinganishwa na uzito wa vyuma vilivyoangushwa, na hata miongoni mwa maofisa wa Kiingereza kulikuwa na ubishi juu ya manufaa yake. Lakini bomu lina kazi nyingine isiyohesabiwa kwa maiti. Liliwafukuza watu kutoka kambi hadi kambi, liliwanyima usingizi, liliwatenga na vijiji vilivyowapa chakula.

Jenerali China hakuangushwa na ndege. Tarehe 15 Januari 1954, upande wa Nyeri, alijeruhiwa kwa risasi shingoni katika mapambano na askari wa nchi kavu, akaingia mikononi mwa serikali. Mwezi uliofuata alishtakiwa kwa kupatikana na risasi na kushirikiana na wapiganaji wenye silaha, akahukumiwa kunyongwa.

Kilichofuata kimezua mjadala hadi leo. Alihojiwa kwa kirefu na Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyezungumza Kikuyu kwa ufasaha, akakubali kuwaandikia viongozi wenzake ili wazungumze na serikali juu ya kusalimu amri. Mwezi Machi adhabu yake ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo. Mwezi Aprili mazungumzo hayo yalivunjika baada ya mapigano kuzuka kati ya askari na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika.

Wapo waliomwona msaliti. Wapo waliomwona kamanda aliyefahamu, kuliko wengi, maana ya jeshi lisilo na ndege wala mizinga kukabiliana na dola iliyoleta vyote viwili. Aliyeishi Burma alijua kwamba msitu humficha mtu, na alijua pia kwamba Wajapani, pamoja na ushupavu wao wote, walishindwa mwishowe.

Alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake. Huko mfungwa mzee akawa mwalimu wa mfungwa kijana, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Vita viliendelea bila yeye. Ndege za jeti za Vampire zilipitishwa juu ya misitu mwaka 1954, nazo ndege zenye vipaza sauti zikawahimiza waliobaki wajisalimishe. Kufikia mwaka 1955 Lincoln ziliondoka na kikosi cha Harvard kikavunjwa.

Itote aliachiliwa huru mwezi Juni 1962. Alikwenda Israel kupata mafunzo ya kijeshi, na baada ya uhuru akapewa wadhifa wa juu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanzishwa mwaka 1964. Makao makuu yake yako Ruaraka, kando ya barabara ile ile iendayo Ruiru na Thika. Mtu aliyewahi kuwindwa na ndege zilizoruka upande mmoja wa barabara hiyo akawa analea vijana wa taifa huru upande wa pili.

Mwaka 1967 alichapisha kumbukumbu zake, Mau Mau General, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vilivyowaruhusu wapiganaji kueleza vita hivyo kwa kalamu yao wenyewe. Mwaka 1979 alikifuatisha kingine, Mau Mau in Action. Aliaga dunia mwaka 1993, miaka kumi kabla serikali ya Kenya haijafuta sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau. Hakuiona sanamu ya Kimathi iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007, wala hakuisikia Uingereza mwaka 2013 ikieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahanga 5,228 wa mateso ya enzi hizo.

Ndege zenyewe zimetendewa vyema zaidi. Harvard kadhaa za zama za vita bado zinaruka katika maonyesho ya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Wapenzi wake huweza kutaja toleo la kila moja, kiwanda ilikotoka, nambari iliyoandikwa ubavuni na kikosi ilikotumika. Kasoro ndogo katika umbo la usukani wa mkia huwatosha kujua kama ni ya mwaka huu au ule.

Watu waliokuwa chini ya ndege hizo hawakuandikiwa nambari. Wengi walizikwa walipoangukia, chini ya mianzi, na familia zao hazikuonyeshwa kaburi. Itote alibahatika kuishi na kuandika. Kwa hiyo msafiri wa leo apitaye Ruiru akielekea Thika, akatazama kaskazini siku mlima unapojitokeza mawinguni, anaweza kujua mambo mawili kwa pamoja: ndege iliruka kutoka wapi, na mmoja wa waliokuwa wakiisikiliza ikija alikuwa nani.